Chungu cha Rangi ya Tokuji

Fusae alimimina chai vikombe viwili, akakumbuka, akakirudisha kimoja. Tangu mumewe Tokuji afariki, nyumba yao ya wapaka rangi vitambaa mjini Kyoto ilikuwa kimya, na kimya kile kilimuumiza.

Tokuji aliacha chungu kimoja cha rangi ya buluu. Kipimo cha kuichanganya alikwenda nacho kaburini. Alikuwa ameshapaka kimono, vazi la hariri la binti yao Sayo, atakayeolewa baridi ikiisha. Koti la kuvaliwa juu yake lilibaki jeupe. Fusae alikitunza chungu kama anavyotunza achari ya figili: alitia chumvi, akakiweka barazani penye baridi.

Asubuhi hiyo alijaribu rangi kwenye hariri chakavu. Ilikuwa nzito kama uji, ikatoka mabaka. Akaongeza chumvi. Mabaka yakazidi. Akainua chungu aimwage.

"Weka chini, shemeji," alisema Kuwahara, muuza rangi wa jirani, akiingia.

"Imeoza."

"Umetia nini?"

"Chumvi."

"Unaipika achari? Tokuji angekuchapa na brashi."

"Heri angekuwepo anichape."

Kuwahara akainamisha kichwa. Kisha akatoa mfukoni miwani yake miwili ya kuvulia samaki, ile inayokata mng'ao wa maji, akapishanisha vioo mpaka pakawa giza. Akapitisha katikati kipande cha kioo chenye tone la rangi. Penye giza pakang'aa.

"Chembe za rangi ni bapa kama sahani," alisema. "Ndani ya maji hupandana, zikawa minara. Baridi na chumvi huzidisha. Zikiwa nyingi, minara nayo hujipanga. Hutiririka kama maji, ila imepangika kama fuwele. Ndiyo maana panang'aa."

"Basi haikuharibika?"

"Zimeng'ang'aniana tu. Tia maji ya moto yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, ukoroge. Zitaachana, kila moja iingie kwenye hariri."

"Kuachana si rahisi," alisema Fusae.

"Najua, shemeji."

Alikoroga hadi uzito ukaisha. Kuwahara akashika ncha ya hariri ya koti, ile ambayo zamani ingeshikwa na Tokuji, Fusae akapaka. Rangi ikatulia sawasawa.

Sayo alipolijaribu koti juu ya kimono, hakujua ipi ni kazi ya baba, ipi ya mama. Fusae akakiosha chungu. Hakikubaki na kitu. Rangi yote ya Tokuji ilikuwa mabegani mwa binti yao.