Mwanamke wa Kwenye Shuka

Jumamosi ya mshahara soko la mgodi wa bati kule Kyerwa lilikuwa halina pa kukanyaga. Wachimbaji walisukumana na udongo wao mwekundu magotini, mikungu ya ndizi ilipangwa hadi barabarani, na mvua ilikuwa imegeuza kila kitu tope. Dafroza alikuwa ameinama kupanga mkungu wake wa mwisho lori la mgodi lilipopita kwa kasi na kumwogesha kuanzia kilemba hadi nyayo.

"Lo! Na gauni lenyewe jipya!" mtu alimsikitikia.

Aligeuka na hasira zake. Mbele yake alisimama kijana mrefu, koti la rangi ya majivu, kofia imelazwa upande, viatu vya ngozi vinang'aa kama vile havikanyagi tope moja na watu wengine. Alikuwa akimpa leso.

"Nani kakwambia jipya?"

"Mikunjo ya dukani bado haijatoka."

"Unanunua ndizi au unachunguza nguo za watu?"

"Nanunua mkungu. Na mwenye mkungu naye, kama anauzwa."

"Mimi siuzwi, bwana. Naposwa."

"Basi nielekeze kwenu."

Dafroza alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka. Kijana huyo, Rwegoshora, akaanza hivyo, na kufika Krismasi hapakuwa na mtu kati ya mgodini na Kimuli asiyejua kwamba binti huyo ana mwenyewe. Kilichobaki ni posa tu. Kila Dafroza alipomuuliza, jibu lilikuwa lilelile: "Subiri kidogo, mpenzi. Nimalize shughuli zangu."

Shughuli zenyewe alisema ni biashara ya ngozi. Dafroza hakuwa mjinga. Hakuwahi kuona ngozi hata moja. Alichokuwa akiona ni vifuko vidogo vinavyobebwa kwa shida na wanaume wawili wenye nguvu, Rwegoshora na Kato mdogo wake, vikielekea mto Kagera. Lilikuwa bati la mgodi, linaibwa usiku na kuvushwa Uganda. Alijua, akanyamaza, maana alimpenda. Lakini tangu askari wa mtoni wapewe bunduki, alikuwa halali vizuri.

Mwaka mpya ulipoanza, mfanyabiashara mmoja wa Kihindi alikuja kutoka Bukoba na mashine ya sinema kwenye lori. Shuka jeupe lilitundikwa kwenye ukuta wa stoo, na Gosbert, karani wa stoo, akasimama pembeni na bomba la bati la kupazia sauti mdomoni kutafsiri Kiingereza cha Wamarekani. Ilikuwa habari ya jambazi mmoja aliyeuza pombe ya magendo katika mji wa maghorofa, na mwanamke wake, mwimbaji, mwenye gauni linalometameta. Polisi walipomzingira yule bwana na mitutu, mwanamke aliingia dukani, akapiga simu huku analia, akawaambia polisi mlango wa kumkamatia bila kumwua. Akakamatwa. Shuka likawa jeupe tena.

Kesho yake, baada ya misa, kibanda cha Placidia cha kuuzia rubisi, pombe ya ndizi, kilijaa watu wanaobishana. Mvua iligonga mabati, ikabidi wapige kelele.

"Mchawi yule!" alisema Placidia, anajaza kibuyu. "Anavaa vya mtu, anakula vya mtu, halafu anamtia pingu!"

"Alifuata sheria," Gosbert alijibu, kwa sauti ya mtu aliyeizoea picha ile.

"Sheria ipo kitandani?"

Watu wakaangua kicheko. Kato aliruka katikati, akavuta kofia ya kaka yake hadi kwenye nyusi, akaanza kutembea kwa mabega kama yule bwana wa kwenye shuka, kidole kimekuwa bunduki. "Mimi simlaumu mwanamke," alisema. "Namlaumu mwanamume. Pesa zote zile, na bado analala nyumba ileile! Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshamjengea mama." Mama yao alizaa mapacha, na Kato ndiye pekee aliyesalia kati ya wale wawili. Hakuna aliyeweza kumkasirikia.

"Na wewe, Dafroza?" Rwegoshora aliuliza, anatabasamu. "Ungepiga simu?"

Angejibu kwa mzaha, yangekwisha. Lakini woga wa miezi yote ulimshinda.

"Ningepiga," alisema. "Bora nimpelekee chakula jela kuliko nimtupie udongo kaburini."

Placidia aliguna. Rwegoshora hakutabasamu tena. Alimsindikiza nyumbani, yeye mbele, Dafroza nyuma.

"Kwa hiyo ungenisema," alisema Rwegoshora.

"Tulikuwa tunazungumzia sinema, Rwego."

"Ulikuwa unanitazama mimi."

"Basi acha! Acha hiyo kazi, mpenzi wangu, uje kwa baba. Sitaki viatu vyako. Njoo hata pekupeku."

"Mara moja ya mwisho," alisema. "Halafu nakuja." Akageuka, akaondoka.

Hiyo mara ya mwisho ndiyo iliyomtoa Dafroza kwao, asubuhi ya siku waliyopanga kuvuka, bila kuaga mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi. Alisimama kwenye lango, kanga kichwani, maneno yote yamepangwa. Askari aliyekuwa akipiga pasi kaptura yake barazani alimuuliza, "Una shida gani, dada?" Dafroza akamwona Placidia moyoni mwake, na kibanda kizima kikimwita mchawi. Akamwona Rwegoshora akimpa kisogo maisha yote.

"Sina," alisema. "Nimepotea njia." Akarudi Kimuli.

Usiku wa siku hiyohiyo askari walikuwa wamejificha kwenye mafunjo ya mtoni. Kulikuwa na mwingine aliyewaambia. Bunduki zilipigwa hewani, mtumbwi ukapinduka, na Kato, ambaye alikuwa amejifunga vifuko kiunoni, akaenda chini na bati la watu. Mwili wake uliokotwa baada ya siku kadhaa. Rwegoshora, aliyekamatwa palepale mtoni, hakuruhusiwa kumzika mdogo wake.

Dafroza alimpelekea chakula mahabusu. Angefanyaje? Ndizi na maharage, vimefungwa kwenye majani, bado vya moto. Rwegoshora alivitazama kupitia nondo, kisha akamtazama yeye.

"Si ulisema utaleta?"

"Rwego, si mimi. Naapa kwa Mungu, sikumwambia mtu."

"Rudi navyo."

Dafroza alikuwa ameapa kweli tupu, ila lango la kituo hakulitaja. Alirudi na chakula, akakileta tena juma lililofuata, akarudi nacho tena. Asingekwenda angekuwa mwanamke asiye na huruma, na akienda anakuwa ushahidi kwamba ndiye aliyemsema. Kisha wakamhamishia Bukoba kwa kifungo cha miaka miwili. Waposaji wengine walikuja kwa baba yake, nao wakajibiwa kwamba binti hataki.

Kifungo kilipokwisha, Rwegoshora alirudi, msimu wa mvua. Dafroza alikuwa akipalilia migomba alipomwona mtu mwembamba amesimama pembeni mwa shamba, kichwa kimenyolewa, miguuni viatu vya tairi.

"Dafroza."

Jembe lilimtoka mkononi.

"Mwenye mtumbwi ndiye aliyetuuza," alisema Rwegoshora. "Amefungwa kwa kesi nyingine, tukakutana gerezani. Alijisema mwenyewe. Nilikutendea ubaya, mpenzi. Kama bado unanitaka, Jumapili naja na baba mdogo kukuposa."

Furaha ilimjaa hadi ikamuuma. Neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni, limeiva, limengoja miaka miwili. Angelitamka, na mengine asingeyajua mtu.

"Nilifika kituoni," alisema badala yake. "Asubuhi ya siku ile. Nilisimama langoni ili niwaseme, mkamatwe nyumbani mmelala, wote wawili. Niliogopa utanichukia. Nikarudi."

Mvua ilianza, ikipiga majani ya migomba. Uso wa Rwegoshora ulikunjamana taratibu, mpaka ukawa uso wa mtu mzee.

"Ungeingia," alisema.

"Najua."

"Ungeingia tu, Dafroza. Ningekuchukia mpaka nife, na Kato angekuwa hai."

Akakaa chini kwenye tope, akashika kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu mto umchukue mdogo wake, akalia kwa sauti, akimwita kwa jina. Dafroza alikaa kando yake na kulia naye. Baba yake alitoka mlangoni, akawaona, akarudi ndani bila kuuliza. Habari ya posa hakuitaja mtu tena siku hiyo, wala Jumapili ile.