Makaa Yasiyo na Moshi

Uhuru ulikuwa unakaribia, na mvua za masika zilikuwa zimeshika Magongo. Suad alikuwa amejifungua mtoto wa kike na bado alikuwa katika arobaini ya uzazi. Mamake, Bi Mahfoudha, alimtunza kama alivyotunzwa yeye. Alifunga mlango, akaziba dirisha kwa kanga, na chini ya kitanda akaweka seredani ya makaa ili mzazi apate joto.

Asubuhi moja Suad alisema, "Mama, kichwa chanipasuka." Kisha akatapika. Mtoto naye alilala tu, hata ziwa hakulitaka.

Bi Mahfoudha alipiga ukelele. "Jicho hili, wallahi! Watu wamemhusudu mwanangu!" Akaongeza makaa, akatia ubani. Masikini, hakujua kuwa anazidi kuwaangamiza.

Jirani yao Jumwa alikuja kuwajulia hali. Alipomwona Suad amelegea, alitoka mbio kumwita Thoya, bwana afya wa mtaa.

Thoya alisimama mlangoni, akaiona seredani chini ya kitanda. "Shikamoo, Bi. Watoeni nje kwanza, maneno baadaye."

"Nje? Na baridi hii? Wataka kuniulia mwanangu?"

"Watakufa humo ndani, Bi!"

Jumwa alimkokota Suad mpaka barazani. Bi Mahfoudha alimbeba mtoto, akawafuata.

Thoya alitoa kijibomba cha kioo chenye chembe za manjano, akakiingiza chumbani, akaminya mpira uliovuta hewa. Chembe zikageuka kijani.

"Rangi hii yaonyesha gesi ya sumu. Imetoka kwenye makaa."

"Lakini makaa yangu hayana moshi! Huyawasha uani mpaka yawe mekundu."

"Hata mekundu hutoa gesi, Bi. Haionekani wala hainuki. Mtu huumwa kichwa, hutapika, hulala, asiamke tena."

Bi Mahfoudha alimtazama mjukuu wake. Mtoto hakutikisika. "Ya Rabi, nimemuua kwa mkono wangu!"

Upepo wa mvua ukampiga mtoto usoni. Akakunja uso, akalia.

"Lia, mama, lia!" Bi Mahfoudha naye akalia.

"Alhamdulillahi," alisema Thoya. "Lakini hospitali lazima twende, wote wawili."

Waliporudi wazima, seredani ilihamia uani. Sasa Suad alipashwa joto kwa jiwe la moto lililofungwa kwenye nguo, na dirisha lilikuwa wazi. Thoya alipima tena. Chembe zilibaki manjano.

"Hebu rudia," alisema Bi Mahfoudha.

Akarudia. Manjano. Hapo ndipo Bi Mahfoudha alipokubali mtoto aingizwe ndani.

Tangu hapo, kila aliposikia kuna mzazi Magongo, Bi Mahfoudha alikuwa wa kwanza kupiga hodi. Hakuuliza mtoto ni wa kiume au wa kike. Aliuliza, "Seredani iko wapi?"