Vitanda Vitupu

Ukumbi wa huduma ulifurika watu. Matroni wa makao ya wazee, gauni lake la kijani limelowa mvua, alikuwa akigombana na kompyuta iliyokataa picha zake za makao.

"Dada, ukiifokea hivyo itakimbia," alisema kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa mtathmini, ametumwa kupima kama mfumo mpya wa kutoa ithibati za makao kwa mtandao umefanikiwa.

"Ikimbie, mradi iniachie wazee wangu!"

Kijana akacheka, akavuta kiti. "Haitaki sura za watu. Piga picha za vyumba wazee wakiwa nje."

Picha zikapita. Na mapenzi nayo yakapita mlango huohuo.

"Umekula, mpenzi?" matroni alikuwa akimpigia simu mchana.

"Nitakulaje sijakuona?"

"Muongo wewe! Bibi wa kitanda cha dirishani anauliza utanioa lini."

"Mwambie aandae miguu ya kucheza."

Kisha jibu la mfumo likaja: makao hayana wakaazi, ithibati imekataliwa. Vitanda vitupu vilisomwa kama nyumba isiyo na watu. Afisa akaja kufunga makao, akawakuta wazee wamejaa barazani.

"Nawaona, mama," alisema, macho chini. "Lakini pasipo na ithibati haparuhusiwi kulaza mtu. Watagawanywa kwenye makao mengine."

Matroni akampigia mpenzi wake simu. "Wewe ndiye mtathmini. Waambie mfumo umekosea!"

"Ripoti imeshafika juu, mpenzi. Niliandika mfumo umefanikiwa."

"Ulimuuliza nani?"

"Waliopata ithibati."

"Peke yao?"

Matroni akakata simu, na hakupokea tena simu zake. Alipiga magoti kando ya vitanda vile mpaka maneno yakamwishia, akabaki na "Ee Mungu" tu.

Siku basi lilipokuja kuwahamisha wazee, mtathmini alifika bila tai, shati limekunjamana.

"Nimeandika ripoti nyingine. Nimesema mfumo umeshindwa, na mimi nimeshindwa. Wamenifukuza kazi."

"Na makao?"

Akatikisa kichwa. Mkono wake ulikuwa mfukoni. "Nina pete hapa. Naona haya kuitoa."

"Iache humo." Akamshika mkono mwingine. "Nimekusamehe, Mungu shahidi. Ila kila nikikutazama nitaviona vile vitanda."

Bibi wa dirishani akachungulia kutoka kwenye basi. "Matroni, huyo ndiye bwana harusi?"

"Ndiye, bibi."

"Mzuri! Msinisahau siku ya kucheza."

Walisimama wameshikana mikono, wakitabasamu kwa ajili yake, mpaka basi likakata kona. Ndipo matroni akaachia mkono, akaingia ndani kukunja mashuka.