Kitulizi na Uradi wa Saumu

Kitulizi kilikaa kichwani mwa Saumu, chini ya mtandio, chepesi kama kofia ya mtoto. Kila wazo lililojirudiarudia ubongoni mwake kililinasa na kulififisha kabla halijaota mizizi. Wahandisi wa Tanga Mpya waliliita wazo la namna hiyo wazoduara. Akina mama waliofiwa na watoto wachanga, kama Saumu, walikuwa wakizunguka ndani ya swali moja tu, "ningefanya nini?", hadi wengine wakakata tamaa ya kuishi. Sasa walikuwa wakilala usingizi.

Daktari Mwanamvua, mmoja wa waliokibuni, aliangalia vipimo vya Saumu akatabasamu.

"Unaendelea vizuri, dada."

"Nalala, daktari. Nakula pia." Saumu aliinamisha uso. "Lakini nikimaliza kuswali nikakaa kuvuta uradi, Subhanallah ya kwanza inakuja, ya pili inakuja, ya tatu naikosa. Ulimi upo, maneno hayapo. Nimemkosea nini Mungu hata asitake kunisikia?"

Mwanamvua alitamani ardhi ipasuke. Kitulizi hakikujua kutofautisha majuto na dhikri, maana hakuna aliyekifundisha. Kati ya wabunifu wote, ni yeye tu, binti wa mwalimu wa madrasa, aliyejua uradi ni nini. Lakini wenzake walizoea kuyacheka mambo ya dini, naye akachelea kuonekana mshamba, akaufyata. Aibu iliyoje, msomi mzima kuogopa kuchekwa.

"Hujamkosea Mungu," alisema. "Ni chombo changu kinachoukata uradi. Nilijua tofauti, nikanyamaza."

Saumu aligusa kitulizi chini ya mtandio. Afadhali angemtukana.

"Nitakifundisha," Mwanamvua akaongeza. "Kwa sasa nikizime kidogo, uvute uradi wako hapa hapa?"

"Na yale mawazo yakirudi?"

"Yanaweza kurudi. Nitakuwa nawe."

"Basi nianzishie, daktari. Peke yangu naogopa."

Nyuma ya kioo cha chumba wabunifu wawili wenzake Mwanamvua walikuwa wakifuatilia vipimo, vipaza sauti vikiwa wazi kama kawaida, kila neno likiwafikia. Mwanamvua alikizima kitulizi, akamshika Saumu mkono. Akaanza, midomo ikicheza tu.

Saumu alisubiri, kisha akamwinamia.

"Pandisha sauti, daktari," alisema kwa upole. "Hata mimi niliye ubavuni mwako sikusikii."