Sauti ya Tatu Kwenye Wimbo wa Mwisho

Ilikuwa siku kama siku nyingine. Jirani yetu Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kutonyamaza hata akiumwa jino, alimwachia shangazi mtu binti yake mdogo mlangoni. "Umebaki wimbo mmoja tu wa albamu, mwanangu. Mama anarudi sasa hivi."

Albamu ilikuwa ya nyimbo za Injili, magitaa ya umeme juu ya mapigo ya kizamani. Aliitengeneza na mumewe katika chumba cha nyuma cha duka la vioo. Mume alipiga magitaa na kukaa kwenye kompyuta. Chiriku aliimba, tena hata kwaya ilikuwa yeye: anajirekodi, anajisikiliza, anajirekodi tena juu yake, mpaka mtu mmoja anajaza kanisa. Kibanda cha kurekodia kilikuwa kabati lililozibwa kwa magodoro, lenye kidirisha.

"Hii sauti ya tatu uliimba lini?" mume aliuliza.

"Ipi tena?"

Akamsikilizisha. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ila tamu zaidi, na iliwahi kila neno kidogo. Mwili ukamsisimka Chiriku. Lakini waimbaji tunawajua, kitu kikishanoga hawakiachi.

"Usiifute, mume wangu. Hiyo iongoze, mimi nitaitikia."

Akaingia kibandani. Mlango ukafungwa.

Sauti ikaongoza, naye akaitikia: "Ametenda mema." Ilinoga kweli. Akaitikia tena. Hewa ikawa nzito, akataka maji, akauvuta mlango. Haukutikisika. Akapiga kioo kwa viganja.

"Nifungulie! Nakosa pumzi!"

Kwenye hedfoni alijisikia akiimba, "Ametenda mema."

Mume akamnyanyulia dole gumba.

Alipiga mayowe. "Ametenda mema." Alilia. "Ametenda mema."

Wimbo ukaisha, mlango ukafunguka. Chiriku alijitupa nje, lakini hakutoka. Upande wa pili wa kioo alimwona mwanamke mwenye kilemba chake, gauni lake, akifutwa jasho na mumewe.

"Leo umeimba kupita siku zote," mume alisema.

"Twende nyumbani. Mtoto ananisubiri."

Taa ikazimwa.

Tangu hapo Chiriku huzinduka pale tu wimbo unapopigwa. Ukiisha, giza. Juzi ulipigwa sebuleni kwake, akamsikia binti yake karibu kabisa, sikio limegandishwa kwenye spika.

"Baba," mtoto alinong'ona, "mama analia humu."

"Mama yuko jikoni. Acha utani."

"Yule wa jikoni simtaki."

Chiriku alimwita mwanawe kwa nguvu zake zote. "Ametenda mema," spika ikaimba, na kule jikoni mtu akacheka taratibu.

Mume akazima redio. Akagusa kitambaa cha spika, akaurudisha mkono upesi. Kilikuwa kimelowa chapa, tena vuguvugu.