Nyanya Aliyeniita Mama

Kila asubuhi nyanya yangu, Mutindi, aligonga ukuta kwa mpini wa mwiko na kuniita. "Mama! Uji umeiva. Utachelewa shule."

Mimi, msichana wa miaka kumi na miwili, niliitika huku nikijivuta kama paka. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu Matinyani jambo hilo lilikuwa la kawaida. Nilipozaliwa nilipewa jina la Mbinya, jina la mama mzazi wa nyanya, ambaye alikuwa amefariki zamani. Tangu siku hiyo nyanya hakuniita vingine ila mama. Mara nyingine alinitania: "Mama, ulinichapa sana nilipokuwa mdogo. Leo ni zamu yangu." Kisha alinijazia kata ya uji mpaka juu. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na bado nilimtenda niliyomtenda.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Oktoba, mwaka wa 1936. Tulikuwa tunachoma mabua na vichaka shambani kabla mvua hazijaanza. Nyanya alinikabidhi tawi bichi la kuzimia cheche.

"Nakwenda kuteka maji," alisema. "Usitoke hapa mpaka majivu yapoe. Upepo wa mwezi huu hauna adabu."

Nilikaa. Kwa kipimo changu nilikaa sana. Kisha rafiki yangu Kavata akaniita kutoka ng'ambo ya ua: "Njoo tucheze mdako, mara moja tu!" Nikaenda, mara moja tu. Niliposikia mayowe, moto ulikuwa umeruka ua, na ghala la jirani yetu Nzuki lilikuwa linawaka. Mtama wote, kunde zote, chakula cha watoto wake mpaka mavuno, vikageuka majivu mbele ya macho yetu.

Nzuki na nyanya walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa shamba. "Wamenichomea kwa makusudi!" Nzuki alipiga kelele. "Nani alikuwa na moto huu?"

Nyanya alikuwa amefika, mtungi bado mgongoni. Alinitazama. Mkononi mwangu nilikuwa nimeshika kijiwe cha mdako. Aliona, akaelewa yote.

"Moto ni wangu," akasema.

Kwa maneno hayo matatu nyanya alipelekwa bomani, kwenye ofisi za serikali, Kitui. Mimi nilinyamaza. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho yake nikajiambia vivyo hivyo.

Siku ya kesi, hakimu Mzungu alimuuliza kama alichoma ghala. "Moto ni wangu," alirudia. Nilikuwa nimeketi nyuma na baba yangu, Muli, nikaanza kulia kwa sauti. Nyanya aligeuka. "Mama, usilie. Nitarudi."

Hakimu aliuliza mshtakiwa amesema nini. Mkalimani alikuwa karani Aftin, mtu wa kaskazini aliyejifunza Kikamba sokoni kwa kuuza ng'ombe. Bei zetu alizijua vizuri. Mila zetu hakuzijua. Alieleza kwamba mshtakiwa anamwita yule mtoto mama yake. Hakimu akaweka kalamu chini. Akaamuru kesi isimame mpaka daktari ampime nyanya akili.

Nje ya mahakama baba alitaka kurudi ndani kueleza. Jamaa zetu wakamzuia. "Nyamaza, Muli! Mwenye wazimu hafungwi. Wakisema ana wazimu, mama yako atarudi nyumbani." Baba alikuna kichwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Daktari ataita mtu anayeishi naye. Wewe unajua Kiswahili cha shule, utakwenda wewe. Jibu unachoulizwa, usiongeze kitu."

Nasema ukweli: nilifurahi. Nyanya akiwa mwendawazimu, hakuna atakayeuliza nani aliachiwa moto.

Daktari alikuwa mpole, mwenye miwani na daftari kubwa. Aftin aliketi kando yake akitafsiri.

"Nyanya yako hukuitaje?"

"Huniita mama."

"Siku zote?"

"Siku zote. Husema nilimchapa alipokuwa mdogo."

Daktari aliandika. "Na mama yake yuko wapi?"

"Alikufa zamani."

Akaandika tena. Sentensi moja tu ingetosha: mimi ni somo wa mama yake, nimepewa jina lake, na kwetu ndivyo tunavyoheshimu jina. Sentensi hiyo nilikuwa nayo mdomoni. Nikaimeza.

"Siku ya moto ulikuwa wapi?"

"Shuleni," nikasema.

Aftin alinitazama kidogo kabla ya kutafsiri.

Baada ya wiki moja hakimu alisoma uamuzi. Mshtakiwa hana akili timamu. Hatafungwa jela. Atapelekwa Nairobi, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akae huko mpaka serikali itakapoamua vingine. Baba aliuliza ni miezi mingapi. Aftin alijibu taratibu, "Haina miezi, bwana. Jela ina siku ya kutoka. Hii haina."

Tulikuwa tumejichimbia shimo wenyewe. Nyanya alipandishwa lori. Hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao tu. Akainama ukingoni akaniambia, "Mama, kata yako iko nyuma ya mlango."

Nilivumilia miezi miwili. Asubuhi niliamka kabla ya mtu yeyote nikisikiliza ukuta. Hakuna aliyegonga. Siku moja niliichukua ile kata nyuma ya mlango, nikaona imeanza kuota ukungu. Nikamwendea baba nikamweleza yote: tawi bichi, mdako, upepo, shule isiyokuwapo.

Nilidhani atanichapa. Afadhali angenichapa. Alikaa chini kwenye vumbi akafunika uso. "Na mimi nilikuambia usiongeze kitu," alisema. Kisha akainuka. "Twende."

Kwanza tulipita kwa Nzuki. Nilimwambia ana kwa ana kwamba moto ulinitoroka mimi. Alinitazama akiwa ameuma midomo. "Nilitaka anijengee ghala," alisema mwishowe. "Sikutaka apotee." Akachukua fimbo yake akafuatana nasi mpaka bomani.

Karani Aftin aliandika kila neno. Alipomaliza aliweka kalamu.

"Nilijiuliza, binti, ni shule gani inayofunguliwa Jumamosi," alisema. "Lakini nikajiambia kazi yangu ni kutafsiri. Nami nina deni langu katika jambo hili."

Barua zilikwenda Nairobi na kurudi. Daktari mwingine alimpima nyanya, safari hii baba akiwapo kueleza habari za majina. Hakimu akasikiliza kesi upya na kuamua kwamba moto haukuwa wa makusudi. Baba na mimi tulimjengea Nzuki ghala jipya, nami nilibeba udongo mpaka mabega yakachubuka. Hayo yote yalichukua miezi kumi na mmoja.

Nyanya alirudi akiwa amekonda, nywele zimekatwa. Nilipiga magoti mbele yake nikaomba msamaha. Aliniinua.

"Nimekusamehe siku nyingi," alisema. "Hata mimi nilikosea. Niliposema moto ni wangu, nilidhani nakuficha, kumbe nilikuonyesha njia ya kujificha. Lakini sikiliza. Yale uliyomwambia daktari kuhusu jina yalikuwa kweli. Nilikuita mama, na mama alikufa. Kilichonipeleka kule ni kile ulichokinyamazia. Mtu akikuuliza jambo linaloshika maisha ya mwenzako, usimpe kipande. Mpe lote, hata kama mwisho wake ni wewe kuchapwa. Fimbo inauma siku moja."

"Kule walikufanyia nini, nyanya?"

"Hawakunipiga. Kila asubuhi waliniuliza, mama yako ni nani? Nikajibu, Mbinya. Yuko wapi? Yuko Matinyani, anasoma shule. Wakaandika. Baadaye nikajifunza kunyamaza."

Usiku huo nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Niliamshwa na mpini wa mwiko ukigonga ukuta. Niliruka kutoka kitandani, moyo ukinidunda kwa furaha, nikasubiri.

"Mbinya," nyanya aliita. "Uji umeiva."

Aliniita hivyo, si mama tena, mpaka alipofariki. Nami kila asubuhi niliitika, nikaenda kunywa uji wangu.