Tarumbeta Alipokosa Sauti

Shule ikifungwa jioni, Tarumbeta hakuwa na muda wa kurukaruka na wenzake. Alivua sare, akala alichowekewa na shangazi yake, kisha akavuka ua kwenda kwenye karakana ya baba. Huko alikuwa na kazi zake: kufagia maranda, kung'oa misumari kwenye mbao kuukuu, na ile kubwa kuliko zote, kuwa masikio ya baba yake.

Baba alikuwa fundi seremala tangu ujana, na kelele za msumeno wa mashine zilikuwa zimemharibu masikio kidogo kidogo. Watu wakimsemesha, alisikia mvumo tu. Lakini binti yake! Huyo alizaliwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Alipokuwa mchanga majirani walisema, "Huyu si mtoto, ni tarumbeta," na jina likamganda. Wateja walimweleza yeye shida zao, naye akamwinamia baba sikioni: "Baba! Anataka kabati la milango miwili!"

"Taratibu, mwanangu," baba alicheka. "Hata walioko makaburini wamesikia."

Mama yake alikuwa ameshafariki, na ndugu wa kuzaliwa naye hakuwa nao. Karakana ile na baba yule ndio waliokuwa ulimwengu wake.

Basi sauti ikaanza kumwacha. Mwanzoni ilikwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Shangazi alimchemshia tangawizi, akampa na asali, wapi! Miezi ikapita na sauti ikazidi kufifia. Siku moja mwalimu alimwita asome kwa sauti, likatoka neno moja tu, mengine yakabaki kooni. "Tarumbeta imeziba!" akasema jirani yake wa dawati, na darasa zima likaangua kicheko. Tarumbeta naye akacheka, maana ukilia watazidi. Kisha akaanza kuishiwa pumzi. Akikimbia kidogo tu, koo lilitoa mluzi.

"Mwanangu, una nini wewe?" shangazi aliuliza.

"Mafua tu, shangazi."

"Mafua gani haya yasiyo na makamasi? Twende hospitali."

"Nimeshaanza kupona. Nilipiga kelele nyingi mchezoni."

Alidanganya, na alijua anadanganya. Alikuwa na hofu moja iliyomkaba kuliko koo lenyewe. Zamani aliwahi kumsikia baba akimwambia shangazi, "Siku huyu atakapoondoka hapa, nami nauza mashine." Ulikuwa mzaha wa mzee na dada yake, lakini mtoto hakuusahau. Aliamini kwamba baba akijua hana tena wa kumsikilizia, atafunga karakana, na kosa litakuwa lake.

Kwa hiyo akaanza kujitahidi. Aliinama sikioni kama kawaida, akafumbua mdomo, akasukuma neno, huku akionyesha kwa mikono urefu na upana. Baba aliitikia kwa kichwa. Aliitikia kila kitu. Mteja mmoja aliyeagiza meza akaja akakuta benchi. Aligomba hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Baba akaomba radhi, akasema ameelewa vibaya. Mteja alipoondoka, Tarumbeta alisubiri aulizwe. Baba hakumuuliza hata neno moja, akashika randa na kumpa mgongo. Ukimya ule ulimuumiza mtoto kuliko fimbo.

Jumamosi asubuhi baba alichukua ubao mkuukuu kutoka kwenye lundo ambalo halijang'olewa misumari, akawasha msumeno. Tarumbeta alikuwa ng'ambo ya meza akifagia. Alipoinua macho aliona kichwa cha msumari kikimeta kwenye ubao, kikisogea kuelekea meno ya msumeno.

"Baba!"

Hakikutoka kitu. Aliita tena kwa nguvu zake zote, hadi machozi yakamlengalenga, ikatoka pumzi tupu. Swichi ilikuwa ukutani, nyuma ya baba. Alitupa fagio, akaizunguka meza mbio. Hakuwahi. Msumeno ulipiga msumari, ubao ukaruka, mkono wa baba ukateleza. Alipofanikiwa kuzima mashine, baba alikuwa ameketi kwenye maranda, ameushika mkono wake, na damu ikichuruzika.

Hospitalini walimshona, lakini kidole kimoja hakikuweza kuokolewa. Muuguzi alikuwa akimalizia kufunga bendeji alipogeuka ghafla, akamtazama mtoto aliyesimama kando akihema kwa mbio na kilio.

"Huyu anapumua hivi tangu lini?"

"Miezi sasa, na sauti imemkauka," akajibu shangazi aliyewaleta, ameinamisha uso.

"Anasemaje?" baba aliuliza.

Muuguzi akasogea sikioni, akapaza sauti: "Mwanao! Sauti imemkauka kabisa! Hukujua?"

Baba alimgeukia bintiye. "Sauti yako?" alisema. "Mimi nilidhani ni masikio yangu. Nilikuona unafumbua mdomo nami sisikii kitu, nikasema basi, yamekufa kabisa. Nikaona haya kukwambia. Nikawa naitikia tu."

Akaanza kulia, fundi mzima, mbele ya watu. Tarumbeta hakuwahi kumwona baba akilia vile, hata siku ya mazishi ya mama. Akamkumbatia shingoni, wakalia wote wawili.

Daktari wa koo alimpitishia Tarumbeta puani mpira mwembamba wenye kamera, akatazama ndani. Kisha akaeleza kwa sauti kubwa ili baba naye asikie.

"Kwenye nyuzi za sauti vimeota vinyama vingi vidogo, mfano wa zile chunjua zinazoota mikononi. Si saratani. Vinaletwa na virusi. Hakuvipata kwa kupiga kelele, wala kwa kosa lolote. Lakini vikiachwa vinaziba njia ya pumzi, kwa hiyo tutaviondoa."

"Atawaambukiza wenzake?" shangazi aliuliza.

"Hapana. Mwacheni acheze nao, ale nao. Ila niwaambie kweli, vina tabia ya kuota tena. Huenda akarudi hapa mara nyingi."

"Na sauti yake?" baba aliuliza.

"Mngekuja mapema, ingekuwa rahisi zaidi. Sasa tunaokoa pumzi kwanza. Sauti siwezi kuwaahidi."

Walimpa dawa ya usingizi, wakaviondoa. Alipumua vizuri, akalala usingizi wa kushiba. Baada ya miezi michache vikaota tena, akarudishwa. Sauti iliyobaki ilikuwa ya kukwaruza, kama msasa juu ya ubao, na baba hakuweza kuisikia hata kidogo. Majirani waliacha kumwita Tarumbeta. Walimwonea huruma, na huruma hiyo ilimchoma kuliko kicheko cha darasani.

Siku aliyoruhusiwa kurudi karakanani, alikuta mashine ipo palepale. Swichi ndiyo haikuwepo ukutani. Baba alikuwa amemleta fundi umeme, naye akaihamishia ng'ambo ya meza, mahali anaposimama mtoto akifagia.

"Tarumbeta," baba aliita, na jina lile lilimtoa mtoto machozi. "Kuanzia leo, msumeno hauwaki mpaka wewe umesimama hapo. Ukiona jambo, usiniite. Zima."

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Hapana, usiniitikie kwa kichwa. Mimi niliitikia kwa kichwa mpaka nikatengeneza benchi badala ya meza." Baba alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humfichua. Mimi na wewe tulifichana, kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake. Wewe umepoteza sauti, mimi kidole. Havirudi. Kwa hiyo kinachouma kisemwe mapema, mwanangu, hata kwa mikono, hata kwa machozi. Sasa niambie, una nini moyoni?"

Tarumbeta aliuchukua mkono wa baba, ule wenye pengo, akauweka kooni mwake. Akasema taratibu, ili baba aisome midomo.

"Naogopa vitaota tena."

Baba aliusikia mtetemo mdogo chini ya vidole vyake. Akaomba arudie, naye akarudia.

"Nimekuelewa," baba akasema. "Hata mimi naogopa. Vikiota, utaniambia siku hiyohiyo, na tutakwenda pamoja."

Kisha akachagua ubao, akaukagua pande zote, akaulaza mezani na kusubiri. Tarumbeta naye akaukagua, akasimama mahali pake, akawasha.